Fungua Mlango wa Lori Kwanza

*Hotuba kwa mkutano wa ujirani mwema wa pande mbili za mpaka wa Namanga. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria. Picha na majedwali yaliyoonyeshwa ukutani tumeyaacha.*

Mheshimiwa mwenyekiti, maofisa wa uhamiaji na polisi wa Kenya na Tanzania, mahakimu wetu, wazee laigwanani, machifu na watendaji wa vijiji, kina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, na ninyi madereva mliokubali kuja ingawa mlijua mtasemwa: wakubwa shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Mmenipa mada ya kudhibiti uhamiaji usio halali kati ya nchi jirani huku haki za binadamu zikiheshimiwa. Ni mada ya kutulaza hapa siku mbili. Naomba niibane iwe swali moja. Saa nane za usiku lori limesimamishwa barabarani. Juu kuna magunia ya vitunguu, chini ya magunia kuna watu. Nani anafanya nini, na nini kinatangulia nini? Tukilijibu hilo sawasawa tutakuwa tumejibu mengi, kwa sababu katiba, mikataba, bajeti ya magereza na heshima ya mtu vyote hukutana pale pale, nyuma ya lori.

Neno moja kabla sijaendelea, tusije tukaelewana vibaya. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia, anakwenda wapi na atakaa kwa muda gani. Hakuna mkataba wa haki za binadamu unaoagiza mpaka uachwe bila mlinzi. Mikataba inazungumzia namna ya kulinda. Na namna hiyo, nitawaonyesha, ndiyo pia inayowakamata wahalifu wenyewe. Ile ya kukusanya watu kama kuni huwaacha.

Tuanze na hewa.

Juni 2012, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, vijana wa Kiethiopia zaidi ya 40 walikufa ndani ya lori kwa kukosa hewa, wakaachwa porini wafu kwa wazima. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena lililotoka upande wa Malawi lilikutwa na watu 78. Waliokuwa hai ni 14. Oktoba 2022, wilayani Mzimba, Malawi, kulifukuliwa kaburi la pamoja lenye miili zaidi ya 25. Desemba mwaka huohuo, Ngwerere, pembezoni mwa Lusaka, miili 27 ilikutwa imetupwa. Nchi nne, njia moja. Inaanzia Hosaena na vijiji vya Hadiya na Kambata kusini mwa Ethiopia, inavuka Moyale, inashuka Nairobi, na mara nyingi inapita hapa tulipokaa au kwenye vichaka vya pembeni, ikielekea Afrika Kusini.

Kwa nini wanakufa? Tunazoea kusema msongamano. Lakini daladala ya asubuhi ina msongamano, na watu wanashuka wazima. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kontena la futi 40 lina ujazo wa mita za ujazo zipatazo 67. Weka watu 78, miili yao inachukua kama mita tano, zinabaki 62 za hewa. Mtu aliyetulia hutoa hewa ukaa lita 15 hadi 20 kwa saa. Watu 78 watatoa karibu mita moja na nusu ya ujazo kila saa. Maana yake, kila saa inayopita, hewa ukaa humo ndani inapanda kwa zaidi ya asilimia mbili. Ikifika asilimia saba mtu anachanganyikiwa, ikikaribia kumi anazimia, na asipotolewa haamki. Ni saa nne tu. Na hiyo ni kwa waliotulia. Wenye hofu, wanaogonga kuta na kupiga kelele, hawafikishi saa nne. Kontena la futi 20 likipakiwa watu walewale, gawanya kwa mbili.

Sasa pimeni kutoka hapa hadi Dodoma. Ni zaidi ya kilomita 500. Lori zito linalojificha mchana na kuvizia zamu za vizuizi litatumia saa ngapi? Si nne.

Kwa hiyo, ndugu zangu maofisa, ukishuku lori usianze na leseni ya dereva. Fungua mlango. Nusu saa ya kubishana ni nani mwenye mamlaka ya kukata lakiri ya forodha ni nusu saa ya hewa ya watu. Kata lakiri, andika namba yake na saa uliyoikata, piga picha, waite wenzako wa forodha waje wafunge nyingine. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa sababu vitunguu vilikaa bila lakiri saa moja. Na kama yupo, alete jalada lake kwa wakili yeyote humu ndani.

Ukishafungua, usiingie mbio. Hewa iliyomo itakuangusha na wewe. Acha milango yote wazi dakika chache, wanaoweza kutoka watoke wenyewe. Walale kivulini, aliyezimia alazwe ubavu. Maji yatolewe kwa funda, si kwa jagi. Aliyekaa siku nne bila chakula usimpe sahani ya ugali, mpe uji mwepesi kidogo kidogo, maana tumbo lililofunga likishibishwa ghafla linaweza kumuua mtu ambaye kontena lilimshindwa. Kisha hesabu watu. Hesabu tena. Andika idadi kabla gari lolote halijaondoka kwenda kituoni, kwa sababu idadi ya barabarani na idadi ya kituoni zikitofautiana, kuna mtu ameuzwa njiani.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Nani wamo ndani ya lori? Tukisikia redio watakuwa "wahamiaji 78 wamekamatwa". Mbele ya sheria huenda wako watu wa aina nne, na kila aina ina mlango wake. Kuna kijana aliyelipa asafirishwe akatafute kazi. Kuna aliyekimbia vita au mateso, huyo ni mwomba hifadhi. Kuna aliyedanganywa kwamba anapelekwa kwenye kazi ya duka kumbe ameuzwa, huyo ni mhanga wa biashara ya binadamu. Na kuna mtoto, ambaye anaweza kuwa mmoja wa hao watatu, lakini kwanza ni mtoto. Kazi ya siku ya kwanza ni kupepeta, kama mama anavyoshika ungo: mchele hautupwi pamoja na pumba kwa kuwa vimetoka gunia moja.

Sheria inasemaje? Kwa aliyesafirishwa kwa hiari yake, Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya Usafirishaji Haramu wa Wahamiaji, ambayo Kenya na Tanzania zimeridhia, inasema katika ibara ya tano kwamba mhamiaji hatashtakiwa kwa sababu tu ya kusafirishwa. Anaweza kurudishwa kwao. Anaweza kukataliwa kuingia. Kosa la biashara ile, hata hivyo, ni la aliyemsafirisha. Kwa mwomba hifadhi, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unazuia kumwadhibu kwa kuingia bila kibali ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza bila kuchelewa, na unazuia kumrudisha kwenye hatari hiyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza: hata mpakani asikataliwe. Kwa mhanga wa biashara ya binadamu, Kenya ina sheria ya 2010 na Tanzania ina ya 2008, na zote zinamtazama kama wa kulindwa. Hoja kwamba "alikubali mwenyewe" haina nguvu pale palipokuwa na hila au kitisho. Na akiwa mtoto haihitaji hata kuthibitishwa hila.

Watendaji wa vijiji mliokaa kule nyuma, hili ni lenu. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba, na kati ya watu anaoweza kujitokeza kwao yumo mtendaji wa kijiji. Umo wewe! Mtu akija ofisini kwako amekunja barua mfukoni, ukamwambia "nenda wilayani", akakamatwa njiani, siku zake saba umezila wewe. Mpokee, andika jina, tarehe na saa, gonga muhuri, mpe nakala. Karatasi moja tu.

Sasa namna ya kuwahoji. Kosa la kwanza ni mkalimani. Katika kundi la watu 78 atatokea mmoja anayejua Kiswahili kidogo au Kiingereza, mchangamfu, anawatuliza wenzake, ofisa anashukuru Mungu na kumkalisha mezani. Mara nyingi ni nani huyo? Ni mtu wa wasafirishaji, aliyepewa kazi ya kulisindikiza kundi. Wote wataeleza hadithi moja, kwa sababu msimulizi ni mmoja. Usimtumie. Tafuta mkalimani wa nje, hata kwa simu, na hoji mmoja mmoja pembeni, wanawake wahojiwe na mwanamke. Kiamhari kitakufikisha mbali, lakini vijana wengi wa njia hii husema Kihadiya au Kikambata nyumbani, na mtu huomba msaada kwa lugha ya mamaye.

Kosa la pili ni jina. Mwethiopia hana jina la ukoo kama tunavyolitaka kwenye fomu. Ana jina lake, jina la baba, jina la babu. Ukimlazimisha ajaze ukoo, leo ataandikwa kwa jina la baba, kesho gerezani kwa jina la babu, na ubalozi utatafuta watu wawili ambao hawapo. Andika yote matatu kwa mpangilio huohuo kila mahali, na andika pia kijiji na wilaya alikotoka, maana uthibitisho wa uraia utafanyika huko.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Saa za Waethiopia ni kama zetu Waswahili. Alfajiri ikipita wanasema saa moja, nao wanaelewana na mama ntilie bila shida. Kalenda yao, lakini, si yetu. Iko nyuma kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Mwaka wao wa 2000 ulianza Septemba 2007 kwa kalenda yetu. Sasa mkamateni kijana Januari 2025, mwulizeni umezaliwa lini. Anajibu kweli tupu: 2000. Ofisa anatoa, anapata 25, anaandika mtu mzima. Kijana ana miaka 16 au 17. Hakudanganya yeye wala ofisa, lakini mtoto amelala gereza la wakubwa, na hakimu akitazama hati ya mashtaka haoni kitu. Dawa yake ni swali moja, "kwa kalenda ya Ethiopia?", na jedwali la kubadili miaka libandikwe ukutani kwenye kila chumba cha mahojiano. Na pale umri unapotiliwa shaka, mchukulie ni mtoto hadi ithibitike vinginevyo. Ndevu si cheti cha kuzaliwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, nije kwenye gereza.

Januari 2021, Rais wa Ethiopia alipotembelea Chato, Rais Magufuli alitangaza kuachiwa kwa wafungwa wa Ethiopia zaidi ya 1,700 waliokuwa katika magereza ya Tanzania kwa makosa ya uhamiaji. Zaidi ya 1,700! Jiulizeni: walikuwa wanamlinda nani humo? Walikula chakula cha serikali, walijaza vyumba vilivyokwisha kujaa, na njia waliyopitia haikufungwa hata siku moja.

Mambo huenda hivi. Kundi linakamatwa Jumatatu, Jumatano linasomewa mashtaka kwa lugha lisiyoijua, mkalimani akiwa yule yule mchangamfu, wote wanakubali kosa, wanapigwa faini wasiyo nayo, wanaingia jela. Kifungo kinaisha. Hapo ndipo mtu anaanza kukumbuka kwamba hawana pasi za kusafiria, ubalozi haujawathibitisha, na tiketi ya ndege haina fungu. Wanarudi mahabusu kusubiri. Kifungo cha mahakama kimekwisha, kimeanza kifungo cha nauli, ambacho hakina hakimu wala tarehe ya mwisho.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Uthibitisho wa uraia uanze siku ya kwanza, si siku ya kutoka. Siku ileile ubalozi wao uandikiwe: majina matatu, kijiji, picha, alama za vidole. Asiyeomba hifadhi, asiye mhanga na asiye na kesi nyingine apewe nafasi ya kurudi kwa hiari kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji au kwa gharama za nchi yake. Akirudi baada ya majuma sita ni nafuu kwa kila mtu kuliko miaka miwili. Atakayesema "basi watakuja tena" ana hoja. Wengine huja tena. Lakini hata waliofungwa walikuja tena, na walikuja na madeni makubwa zaidi.

Na sasa pesa, kwa sababu biashara hii ina wenyewe.

Familia huuza ng'ombe, hukopa, huweka shamba rehani. Fedha hazilipwi zote mara moja. Nyingi hushikwa na mtu anayeaminiwa na pande zote, na huachiwa kwa vipande: kijana akifika Nairobi kipande, akivuka mpaka kipande, akifika mwisho kilichobaki. Ndiyo maana kijana huhifadhiwa kwenye nyumba iliyofungwa mpaka simu ya malipo ipigwe. Na malipo yakichelewa, kijana aliyeanza safari kama mteja anageuka mateka. Mnaona jinsi aina moja inavyoingia katika nyingine? Aliyesafirishwa kwa hiari yake mwezi uliopita leo ni mhanga. Kwa hiyo swali la kuuliza si "ulikubali kuondoka?" pekee. Uliza: nani alishika simu yako? Ulikuwa unaweza kutoka nje? Ulipigwa ili nyumbani watume fedha? Unadaiwa na nani?

Dereva tunayemkamata ni kibarua wa biashara hii. Analipwa kwa kichwa, na mara nyingi hajui jina la aliyempigia. Tukimpiga faini na kurudisha lori, tajiri amepoteza siku tatu tu. Vinavyomgusa tajiri ni vitatu: simu, miamala na lori lenyewe. Simu za dereva na za msindikizaji ziwekwe kwenye bahasha, zifungwe mbele ya shahidi, namba zake ziandikwe, na maombi ya kumbukumbu za mawasiliano na za miamala ya simu yapelekwe haraka kwenye kampuni husika kwa amri ya mahakama. Na kwa kuwa nyumba iko Kenya na lori limekamatwa Tanzania, au kinyume chake, mpelelezi wa upande mmoja lazima awe na namba ya mwenzake wa upande wa pili, namba inayopokelewa usiku.

Kisha kuna kosa ambalo mahakimu wetu hapa wanalijua vizuri kuliko mimi. Kesi ya msafirishaji inatajwa, inaahirishwa, inatajwa. Siku ya ushahidi ikifika, mashahidi wako wapi? Tumewafunga Shinyanga au tumeshawarudisha Addis Ababa. Kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi tuliowaondoa kwa mikono yetu. Kwa hiyo ushahidi wa watatu au wanne waliosikia na kuona uchukuliwe mapema mbele ya hakimu, kwa kiapo, mshtakiwa akiwepo na wakili wake akipewa nafasi ya kuhoji. Hiyo ni haki ya mshtakiwa pia, tusiisahau. Baada ya hapo waende zao.

Naingia sasa mahali penye miiba. Operesheni.

Mwaka 2013 Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondolewa, wengi wao Wanyarwanda na Warundi, na kati yao walikuwamo watu walioishi miongo mingi, wenye wake au waume Watanzania na watoto shuleni. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Kenya iliendesha Usalama Watch. Mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi ulizingirwa, maelfu wakakamatwa, uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwachuja. Sitoi mifano hii kuwashtaki waliotumwa. Walitumwa. Nauliza tu: tulipata nini?

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 12, kifungu kidogo cha tano, unakataza kufukuza wageni kwa wingi, yaani kwa kulenga taifa, rangi, kabila au dini. Kila mtu asikilizwe kwa jina lake. Hili si pambo la wanasheria. Ukikamata kwa sura na lafudhi mipakani mwetu, utamkamata nani? Wamasai wako pande zote mbili za jengo hili. Wakurya wako Sirari, Tanzania, na wako Isebania, Kenya. Muha wa Kasulu akifungua mdomo, mgeni wa Dar es Salaam atasema ni Mrundi.

Kuna kesi moja kila ofisa wa mpakani anapaswa kuijua, kesi namba 012/2015 katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha. Mtu mwenye pasi ya kusafiria ya Tanzania alikwenda polisi kwa taratibu za ndoa yake. Uraia wake ukatiliwa shaka, pasi ikachukuliwa, na mwaka 2014 akasukumwa upande wa Kenya. Kenya nayo ikasema huyu si wetu. Akaishi katikati, kwenye kipande cha ardhi kati ya Sirari na Isebania, hana nchi mbele wala nyuma. Machi 2018 mahakama ikaamua kwamba alinyang'anywa uraia na kufukuzwa kiholela, bila kupewa nafasi ya kusikilizwa. Na ikasema jambo ambalo ningependa libandikwe pale kaunta: mtu akiwa na nyaraka za serikali yenyewe, serikali inayodai si raia ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Maelezo ya wazazi yakigongana, kuna kipimo cha vinasaba. Tanzania ikaamriwa pia irekebishe sheria ili anayekanushwa uraia apate mahakama ya kumsikiliza. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu mtu binafsi kuishtaki mahakamani hapo, na tangu Novemba 2020, uondoaji huo ulipoanza kufanya kazi, mwananchi mmoja mmoja hawezi tena kuishtaki moja kwa moja kwa kesi mpya. Sababu zaidi ya kufanya kazi hii sawasawa hapa chini, maana ngazi ya juu imefupishwa.

Hata nje ya operesheni, mahakama zetu zimewahi kusimama. Julai 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilifuta agizo la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini kwenda kambini. Hoja ilikuwa ileile: huwezi kumhukumu mtu kwa kundi lake.

Sasa niwape upande wa pili, kwa sababu najua mtu atasimama aniulize, "Basi tufanye nini, tukae tu?" Hapana. Punguza idadi ya wanaolazimika kupita porini, halafu askari wako wachache uwapeleke kwa waliobaki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Raia wa nchi nyingi wanachama huingia bila viza. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinakubaliana kitambulisho cha taifa kitoshe. Kituo chetu hiki ni cha pamoja: unasimama upande mmoja tu, nchi mbili zinakuhudumia. Vizuri. Lakini mama wa sokoni anayevuka na ndoo mbili za nyanya hupita wapi? Anapita nyuma ya nyumba, kwenye njia ya panya, kwa sababu foleni ya mwenye ndoo na ya mwenye kontena ni moja. Kila anapopita pale, njia ile inapata watu, inapata desturi, na usiku msafirishaji anaitumia bila kushtukiwa. Dirisha moja la wavuka mpaka wa kila siku, lenye daftari na linalofunguliwa alfajiri, lingewatoa njiani wale wasio na kosa, na nyayo za usiku zingeonekana.

Tazameni pia mashamba ya Kigoma. Msimu ukifika, vibarua wa Burundi huvuka kulima. Wanahitajika, wenye mashamba wanajua, vijiji vinajua. Kibali cha kazi kimetungwa kwa ajili ya mhandisi wa miaka miwili, si mtu wa jembe wa majuma matatu. Basi anaingia bila karatasi. Na baadhi ya wenye mashamba, siku ya malipo ikikaribia, huwapigia simu uhamiaji. Kibarua anaondolewa, shamba limelimwa, ujira umebaki mfukoni mwa tajiri. Hapo nani amevunja sheria zaidi? Suluhisho ni kibali cha msimu, cha bei ndogo, kinachotolewa wilayani, chenye jina la mwajiri na kiwango cha ujira. Na pasipo kibali hicho, anayeondolewa aulizwe kwanza: unadai kiasi gani, na nani? Deni liandikwe na kufuatiliwa. Mkiondoa faida ya usaliti huo, simu zitapungua zenyewe.

Na wale waliokaa muda mrefu mno wasubiri mpaka lini? Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Kenya iliwatambua Wamakonde wa Kwale mwaka 2016, baada ya wao kufunga safari hadi Ikulu ya Nairobi; wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya pwani, wajukuu walikuwa wanaitwa wageni. Je, nchi ilibomoka? Kila mmoja wa hao, akishapata kitambulisho, amepungua katika orodha ya watu ambao ofisa usiku anapaswa kuwatilia shaka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nimalizie kwa kazi. Kabla ya mkutano ujao naomba pande zote mbili ziwe na vitu vinne: waraka mmoja unaosema nani anaweza kukata lakiri kwa dharura na ataandika wapi, jedwali la kalenda ya Ethiopia ukutani, namba ya simu ya ofisa wa wakimbizi na ya mpelelezi wa upande wa pili, zilizojaribiwa usiku, si mchana, na orodha ya wakalimani wa nje. Madereva, ninyi nina ombi moja: kagueni tela lenu kila mnapoamka kabla ya kuwasha injini, na mkikuta mtu pigeni simu kabla ya kusogea, maana aliyetoa taarifa mapema na aliyekamatwa kizuizini hawaandikiwi jalada moja.

Hiyo orodha ya wakalimani nimeianza, iko hapa mezani. Kiamhari, Kioromo na Kisomali tunao. Kihadiya na Kikambata hatuna hata mmoja. Mwenye kumfahamu mtu, aje aandike jina na simu kabla hatujaenda kula.